Mtoto Asiyebebwa Mgongoni

Kama unasoma haya kwa sababu mwanao amezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, kaa chini. Mimi mwenyewe siwezi kukaa, hata sasa naandika huku nainuka kila mara kuchungulia uani, lakini wewe kaa. Sitakueleza tatizo hili linatokana na nini, kwa sababu sijui, na waliojifanya wanajua walinichosha. Nitakueleza tu tulivyopita.

Mwanangu anaitwa Oliva. Alizaliwa Usevya mwishoni mwa kiangazi, mashamba ya mpunga yakiwa makavu na yamepasuka. Mkunga alimfuta, akamgeuza, akamgeuza tena. Niliinuka kwa viwiko nikaona miguu miwili midogo, kila mmoja umejikunja kumfuata mwenzake, nyayo zinaangaliana. Nikauliza, "Ni nini hicho?" Akanijibu kwa upole, "Miguu kifundo, mama. Inatibika. Mpeleke Mpanda mapema, usikae." Kati ya maneno yote hayo, nililoshika ni moja tu, usikae. Na kweli, tangu siku hiyo sijakaa.

Nyumbani mambo yakaanza. Mume wangu Kastori ni Mpimbwe, ni mtu mpole mpaka inaudhi. Mama yake, Mama Kastori, tunaishi naye ua mmoja. Yule siyo mpole. Alimfunua mtoto, akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Kwetu hakuna miguu ya hivi. Labda huko kwenu Magamba." Wanawake waliokuja kutoa hongera wakaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimcheka kilema nikiwa na mimba. Mmoja akataka kujua kama nilikuwa nakaa nimekunja miguu. Ebo! Mimi nimepanda mpunga mpaka tumbo linagusa maji, hiyo nafasi ya kukaa nimekunja miguu ningeipata wapi?

Mama Kastori akachukua maji ya moto na kitambaa, akawa anamkanda kila asubuhi. Alisema mifupa ya kichanga ni laini kama ugali ulioko jikoni, ukiuwahi unaufinyanga. Oliva alikuwa analia mpaka sauti inakatika. Nilivumilia kwa muda, halafu asubuhi moja nikafunga kanga zangu kwenye mfuko, nikapanda basi la Mpanda.

Anayeijua barabara ile inayopita hifadhini anajua ndorobo. Wale nzi wanaingia dirishani basi likipunguza mwendo, wanauma juu ya nguo, na ukifunga madirisha unapikwa na joto. Nilimfunika Oliva kanga mbili, halafu nikaogopa anakosa hewa, nikamfunua, halafu nikamfunika tena. Mzee aliyekaa pembeni yangu alichoka, akasema, "Mwanangu, tulia, mtoto mwenyewe amelala." Kweli alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyekuwa nahangaika.

Nilifikia kwa dada yangu Prisca, Magamba hapohapo Mpanda, maana matibabu ni ya kila wiki na kutoka Usevya usingeweza kwenda na kurudi. Hospitalini kulikuwa na siku maalumu, sisi kina mama tuliita siku ya miguu. Tulikaa kwenye benchi refu la korido, kila mwanamke na mtoto wake mapajani. Siku ya kwanza nilishtuka, maana nilidhani niko peke yangu duniani. Kumbe kuna wa Karema, wa Inyonga, wa mjini hapohapo. Pembeni yangu alikaa Mama Yusufu, mke wa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kapalamsenga kule ziwani. Alinitazama ninavyotikisa goti, akacheka. "Wewe mgeni. Utatikisa hilo goti mpaka litachomoka. Hapa kwanza unasubiri, halafu unasubiri tena, halafu unaitwa."

Mtaalamu wa miguu, tuliyemwita Dokta, alimshika Oliva mguu, akausukuma taratibu, akapima unapokubali na unapokataa. Halafu akauzungushia bandeji zilizolowa chokaa, kuanzia vidoleni mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa. Ikikauka inakuwa ngumu kama ukuta. Watu wanaita hogo. Mguu wa pili hivyohivyo. Mtoto niliyekuja naye mwepesi, niliondoka naye mzito kama mfuko wa chumvi. Dokta akaniambia niangalie vidole. Vikibadilika rangi au vikiwa vya baridi, nirudi mara moja.

Jamani, kumwambia mtu kama mimi aangalie vidole! Nilivipapasa nikipika, nikifua, nikisali. Nilimwita Prisca aje avione mchana kweupe, eti vimekuwa vyeupe. Akanifokea, "We mwanamke, utamchubua mtoto kwa kumpapasa. Vidole viko sawa. Nenda ukachote maji." Nikaenda kuchota maji, nikarudi mbio, ndoo nusu.

Kila wiki ilikuwa hivyo, hogo linatolewa, mguu unasukumwa kidogo, hogo jipya. Sitakudanganya, hiyo siku ya kubadilisha ndiyo ilikuwa ngumu, lakini ndiyo ilikuwa na raha yake pia. Baada ya kuloweka na kufungua bandeji, ulipewa muda wa kumwogesha mtoto kabla hajafungwa tena. Tulijipanga bombani na mabeseni. Miguu ilitoka imesinyaa, inanuka uchachu, ngozi inabanduka. Oliva akiguswa na maji alikuwa anarusha ile miguu hewani kwa furaha, na watoto wengine hivyohivyo, na sisi mama zao tumelowa mpaka kifuani tunacheka. Mama Yusufu alisema kama si hilo beseni angeshaacha. Nami nakuambia ukweli, nilikuwa nangoja lile beseni kuliko kitu chochote.

Na mguu ulikuwa unageuka, nilikuwa nauona. Wiki moja hadi nyingine, ule unyayo uliokuwa unatazama mwenzake ukawa unafunguka polepole. Kisigino ndicho kilikataa kushuka, kikabaki juu. Dokta akasema kuna mshipa mgumu nyuma ya kisigino, unakatwa kidogo tu kwa ganzi, halafu anafungwa hogo la mwisho la muda mrefu zaidi. Kastori alikuja kwa ajili ya siku hiyo. Tulisimama nje ya mlango, mimi nazunguka korido, yeye ameegemea ukuta. Oliva alipolia ndani, Kastori aligeuza uso ukutani, mabega yakawa yanatetemeka. Siku hiyo nilimpenda sana. Naliandika hili kwa sababu baadaye nilimchukia, na nataka ujue vyote viwili.

Hogo la mwisho lilipotoka, Oliva akapewa viatu. Ni buti ndogo za ngozi zilizofunguka mbele, mikanda mitatu, zimeunganishwa na kipande cha chuma chenye upana wa mabega yake, vidole vimetazama nje. Dokta alinikazia macho. "Mama Oliva, sikiliza. Hogo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hivi viatu. Miezi mitatu havivuliwi, mchana wala usiku, isipokuwa kuoga. Baada ya hapo ni wakati wa kulala tu, mpaka akue. Ukivivua, miguu inarudi ilikotoka." Nikasema nimeelewa. Na nilielewa kweli.

Tukarudi Usevya mvua zikiwa zimeshika, watu wote wako majarubani wanapandikiza mpunga.

Sasa fikiria jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Dokta, si mimi. Mtoto wa kwetu anabebwa mgongoni. Anakumbatia kiuno cha mama kwa miguu, mguu mmoja huku, mmoja huku, unamfunga kitenge, unainama kwenye tope unapanda, yeye analala kwa joto la mgongo wako. Chuma kile hakiruhusu. Miguu yake imefungwa pamoja, haiwezi kukuzunguka. Ukitaka kumbeba lazima uvue viatu. Kwa hiyo Oliva akawa mtoto asiyebebwa mgongoni. Nilimlaza kwenye mkeka chini ya turubai ukingoni mwa shamba, Mama Kastori anamlinda, mimi niko kwenye maji na wenzangu. Alilia. Alilia asubuhi, alilia adhuhuri. Nilikuwa napanda mstari mmoja, nachomoka, naenda kumwangalia, narudi, miche yangu imepinda yote. Wanawake waliokuwa wanapanda nasi wakasema mtoto huyu anaadhibiwa.

Halafu siku moja akanyamaza. Na kesho yake akanyamaza. Nikasema Mungu mkubwa, amevizoea. Wenzangu wakasema, "Mama mkwe wako ana mkono wa watoto yule!" Nikampikia Mama Kastori kuku kwa kumshukuru. Kuku! Akamla.

Mpunga ukakua, tukapalilia, ukatoa masuke, tukaanza kulinda ndege wasiule. Msimu ule wote bibi yake ndiye alikuwa anamwogesha na kumvalisha; jioni moja namwogesha mwenyewe, nikashika kifundo cha mguu. Mtoto anayevaa vile viatu kutwa nzima anakuwa na alama ya mkanda, kamstari kekundu kwenye ngozi, mimi kale kamstari nilikuwa nakajua. Hakakuwepo. Ngozi laini kabisa. Nikajaribu kukunja unyayo kwenda juu, ukakataa. Nikamvalisha kiatu, kisigino kikachomoka. Nikamvalisha tena, kikachomoka tena.

Nilitoka na vile viatu mkononi. Kastori alikuwa uani anafunga jembe. Nikamuuliza, "Nani anamvua mtoto viatu?" Akainamia jembe. Nikauliza tena. Akasema, "Mama alisema ni kidogo tu, akilia sana. Ambebe kidogo, amrudishie."

"Ulijua?"

Akaendelea kukaza mpini.

"Kastori, ulijua, na ukaniacha namchinjia kuku?"

"Sasa mimi ningemwambiaje mama yangu?"

"Kwa mdomo!" nilipiga kelele, majirani wote wakasikia. "Kwa mdomo, Kastori, kama watu wanavyosema! Huyu mtoto akitembea kwa pembeni ya miguu maisha yake yote, utamwambia nini? Kwamba ulimwonea haya mama yako?"

Nikamwacha na jembe lake. Nikaingia ndani, nikalia kwa hasira, ile ya kung'ata kanga. Nilifikiria kuondoka kabisa, kurudi Magamba na mwanangu na nisigeuke nyuma. Asubuhi nilikuwa nimefikia uamuzi mwingine. Nilikwenda kwenye mlango wa mama mkwe, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika "marahaba," halafu nikasema, "Mama, fungasha. Tunaenda wote Mpanda. Utamshika miguu mwenyewe wakati inafungwa." Nilitegemea anitukane. Alinitazama juu hadi chini, akasema, "Nani atalinda ndege?" Nikamjibu, "Mwanao." Akaingia kufungasha.

Njia nzima hatukusemeshana. Basi lilipoingia hifadhini na ndorobo wakaanza, alivua kilemba chake akawa anampepea Oliva, anapiga nzi mmoja baada ya mwingine, mkono haupumziki mpaka tumetoka hifadhini, pale Sitalike. Yeye mwenyewe shingo ilivimba. Niliona, lakini bado nilikuwa nimechemka.

Kwenye benchi lile la korido alikaa amenyooka, anatazama watoto. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, wa umri wa kuanza shule, hakutibiwa alipokuwa mchanga. Alipita mbele yetu akitembea kwa mgongo wa unyayo, ngozi ya pale juu imekuwa sugu. Mama Kastori alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa korido. Mkono wake ukaja ukashika mguu wa Oliva, haukuachia.

Dokta alimpima Oliva, akapumua kwa nguvu. Akauliza viatu vimekuwa vikivaliwaje. Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe alishasimama.

"Ni mimi. Nilimvua. Mtoto alikuwa analia, nyie mlitaka nikae namwangalia? Watoto saba nimewalea mgongoni, hakuna aliyelia hivyo." Akaushika tena mguu wa Oliva. "Nilidhani namwonea huruma. Sasa niambie, nisipombeba mgongoni nimbebeje? Hilo hamkutuambia."

Dokta akatutazama sisi wote. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amesema.

Mama Yusufu, ambaye siku hiyo alikuja kubadilisha viatu vya mwanawe vilivyombana, aliingiza kichwa mlangoni. "Shoga, lete hicho kitenge." Akamvisha Mama Kastori kitenge begani kama mkoba, akamchukua mwanawe mwenyewe na chuma chake, akamkalisha ndani ya kitenge kwa upande, ubavu kwenye kifua cha mama mkwe wangu, miguu yote miwili imetokea upande mmoja, chuma kinaning'inia nje. Mtoto akatulia. Mama Kastori akajitazama. "Khaa! Kama nabeba kuku wa mnadani." Dokta alicheka, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikacheka.

Tukaanza hogo upya. Nilimwambia Mama Kastori anaweza kurudi, mpunga wake unaliwa na ndege. Akakataa. Alikaa kwa Prisca wiki zote zile, analala na Oliva, anavipapasa vidole kuliko mimi. Prisca akashika kichwa, "Sasa wamekuwa wawili!" Kila siku ya miguu alimshika Oliva magoti wakati Dokta anafunga, anamwimbia kwa Kipimbwe, jasho linamtoka. Habari zikaja kwamba Kastori amelemewa, sehemu ya jaruba la mama yake imeliwa yote. Mama yake akasema, "Waache wale. Mpunga tutapanda mwingine." Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kuniachia, siyo yote, lakini nilianza kulala.

Tuliporudi na viatu vipya, mavuno yalikuwa yanaisha. Kastori alitupokea kituoni. Alimshika mama yake mkono, akamwambia mbele yangu, mbele ya watu wote walioshuka kwenye basi, "Mama, hivi viatu havivuliwi." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mama yake akamjibu, "Unamwambia nani? Pisha nipite, mtoto amechoka."

Tangu siku hiyo nilipata askari. Alizunguka Usevya nzima na Oliva begani kwa mtindo ule wa kuku wa mnadani, kisimani, kanisani, msibani. Aliyeshangaa aliulizwa, "Unaangalia nini, hujawahi kuona viatu?" Siku ya ubatizo mimi mwenyewe niliteleza. Nilikuwa nimemnunulia Oliva viatu vidogo vyeupe vya kitambaa, nikataka nimvalishe kwa muda wa misa tu, apendeze. Mama Kastori alininyang'anya. "Padri anabatiza kichwa, habatizi miguu." Oliva akabatizwa na chuma chake.

Mpaka leo analala navyo, na ataendelea kulala navyo kwa muda. Kuna siku anagoma, analia, na mimi natamani nivitupe chooni. Usivitupe. Na kama unamwacha mtoto kwa bibi yake, kwa dada, kwa jirani, usimwambie tu asivue. Mwonyeshe jinsi ya kumbeba.

Nikueleze siku moja ya mwisho, halafu niinuke. Ilikuwa kiangazi, tumetoka Mpanda, Dokta amesema sasa mchana awe peku, viatu ni vya kulalia. Tulikuwa uani. Mama Kastori hakuomba kitu, alikuwa anapepeta mchele, lakini niliona anavyoitazama ile miguu iliyo wazi. Nikaingia ndani, nikatoa kitenge kizuri, nikamwekea mapajani. "Haya mama. Mbebe."

Aliweka ungo chini. Akanawa mikono. Akainama, nikampandisha Oliva mgongoni pake, mguu mmoja huku, mmoja huku, akafunga kitenge kifuani akafumba macho.

Oliva akajikaza. Akasukuma kwa mikono, akajinyonga, "mm! mm!", mpaka fundo likalegea akateleza chini. Akasimama ameshika sketi ya bibi yake. Nyayo zote mbili zililala chini, vidole na visigino, kwenye vumbi. Akaachia sketi. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, akakaa kwa makalio, akainuka.

Mama Kastori alikuwa bado ameinama, kitenge kinaning'inia, anamngoja arudi. "Njoo basi. Njoo mgongoni kwa bibi." Oliva aliutazama mgongo ule, akageuka, akaenda zake kuelekea kwa kuku.

Bibi yake akajitupa chini palepale, machozi yanamtiririka, akaita kwa sauti iliyofika barabarani, "Kastori! Kastori we! Njoo uone, mtoto wako ananikataa!"